Mume Kwenye Keria

Silvana alijifunza kuendesha baiskeli akiwa mtu mzima, mke wa mtu na mama wa binti wa darasa la saba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na Ufipa nzima mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kichekesho. Mwanamke alibebwa. Alikaa upande kwenye keria, mkono mmoja umeshika tandiko, mwingine umekumbatia mtoto, na mbele yake mwanamume akitweta. Ndiyo maana mumewe, Eustaki, hakumfundishia kijijini. Alimpeleka msituni.

Eustaki alikuwa mlinzi wa msitu wa Serikali katika milima ya Mbizi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka. Alipewa koti la kijani, buti, panga, na baiskeli aina ya Swala, na kila siku ya Mungu aliipitia njia ya doria tangu mwanzo hadi mwisho. Njia hiyo ilianzia nyuma ya mashamba ya ulezi ya kijiji chao, ikaingia msituni, ikapanda kwa kona baada ya kona, halafu ikatokeza kileleni kwenye nyasi tupu, mahali ambapo upepo ulikupiga usoni na Bonde la Rukwa likafunguka chini yako, jeupe kwa vumbi na ukungu. Zamani lori la miche lilikuwa likipita humo. Kisha daraja la magogo kwenye kijito likaoza, hakuna aliyelitengeneza, na tangu hapo gari halikuingia tena. Changarawe zilibaki, majani yakaota katikati, na njia ikawa ya waenda kwa miguu, ya baiskeli na ya mbega.

Mara baada ya kuvuka kijito palikuwa na kipande kirefu kilichonyooka, tambarare, kivuli kitupu. Hapo ndipo Eustaki alipomshikia Silvana tandiko kwa nyuma na kumwambia akanyage.

"Usitazame gurudumu, Mama Jeni. Tazama unakokwenda."

"Nikitazama ninakokwenda naona mti."

"Basi usiutazame mti."

"Sasa nitazame nini, Baba Jeni? Nifumbe macho?"

Alianguka hadi viwiko vikachubuka. Alicheka hadi akakaa chini kwenye majani. Jumapili iliyofuata walirudi, na iliyofuata pia, na siku moja aligeuka kumwambia mumewe asimwachie, akamwona yuko mbali sana, amesimama katikati ya njia na mikono kiunoni, anacheka. Alikuwa ameshamwachia kitambo. Silvana alipiga yowe na kuendelea kukanyaga.

Tangu siku hiyo Jumapili zao zilikuwa za msituni. Wakitoka misa walikula ugali wao na maharage, Eustaki akaazima baiskeli ya pili kwa katekista, wakaenda. Silvana alivaa suruali ya mtumba chini ya kitenge, na kitenge akakifunga kiunoni mara tu walipopotea machoni pa watu. Walipanda wakisukuma pale penye mwinuko mkali, wakashuka wakiwa wameachia breki. Eustaki alimwonyesha miti kama mtu anayetambulisha ndugu zake. Mwisho wa kile kipande kilichonyooka, pale njia inapokata kushoto, palikuwa na podo kubwa ambalo watu wanne wasingeweza kulikumbatia. Kivuli chake kilikuwa kizito, na hata jua la saa saba ukifika hapo mwili ulisisimka kwa baridi.

"Hapa huhitaji kengele wala kibao," Eustaki alizoea kusema. "Ukiona baridi, kata kona."

Walikuwa na umri wa watu wanaotarajiwa kutulia, nao walikuwa wakikimbizana milimani kama wana wa shule. Silvana alijua wanasemwa. Hakujali.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Sumbawanga ilijaa vitu: mitumba mirundo mirundo, redio za Kichina, sabuni za rangi zote, malori ya watu binafsi yakipakia mahindi na kushusha bati. Ukiwa na fedha ulipata kila ulichotaka, na waliokuwa wamezoea kupanga foleni ya sukari waliona neema imeshuka. Ila wakati huohuo Serikali ilianza kupunguza watu wake. Majina yalisomwa ofisini asubuhi moja, na jina la Eustaki lilikuwamo. Kapigwa redandansi, ndivyo watu walivyosema, kana kwamba ni ngumi. Alirudisha koti, panga na Swala. Buti walimwachia kwa sababu zilikuwa zimeisha.

Kiinua mgongo kilipotoka, Silvana alitegemea bati. Eustaki alikwenda mjini na kurudi amepanda baiskeli mpya nyeusi ya Kichina, yenye kengele inayong'aa na keria pana ya chuma.

"Na nyumba?" Silvana aliuliza.

"Nyumba haivuji sana."

Alitaka kukasirika, akashindwa, maana hakuwa amemwona mumewe akitabasamu tangu siku ile ya ofisini. Kwa baiskeli hiyo Eustaki alibeba mahindi na maharage ya watu kupeleka Milanzi na sokoni mjini, na maisha yakaenda. Jenifer, binti yao, aliolewa Kirando kwa watu wa dagaa. Wao wawili wakabaki.

Macho yalianza kidogokidogo. Kwanza Eustaki aligonga mwimo wa mlango kwa bega. Kisha akamgonga mbuzi wa jirani barabarani na kuapa kwamba mbuzi hakuwapo. Alikuwa akiona mbele vizuri, pembeni haoni kitu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe likawa linazidi kuwa jembamba. Hospitali walimweleza kwamba ni presha ya macho, kwamba wangempa dawa ya kutia, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kwa kuwa hakuwa tena na kazi ya kufanya na bado aliona kidogo, siku moja Eustaki alipanda msituni peke yake, akakuta visiki vipya. Wapasuaji mbao walikuwa wameingia. Mlinzi hakuwapo tena wa kuwazuia, na mbao sasa zilikuwa na soko hadi Mbeya na mbele ya Mbeya. Alikwenda kueleza kwa wahusika. Alichoambiwa huko hakukisema chote, alisema tu kwamba waliuliza yeye ni nani. Alirudi nyumbani akalala akiuelekea ukuta, hakula siku hiyo wala iliyofuata, na Silvana alipomgusa alimkuta anatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ilichukua wiki nyingi kabla hajawa mtu tena. Silvana hakuisahau hofu aliyoipata siku zile.

Macho yalipozima kabisa, Eustaki aliacha kutoka nje. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, akachambua maharage kwa vidole, akasikiliza redio, akajibu shikamoo za watoto kwa sauti ndogo. Baiskeli ilisimama chumbani imefunikwa gunia. Aliyekuwa akizunguka mlima mzima sasa alihesabu hatua za kwenda chooni. Wanaume wenzake walikuja kumsalimu, wakakaa kidogo, wakakosa la kusema, wakaondoka. Baadaye wakaja mara chache.

Jumapili moja Silvana alitoka misa, akaivua baiskeli gunia, akajaza upepo matairi, akakunja blanketi juu ya keria.

"Baba Jeni, inuka."

"Twende wapi?"

"Inuka kwanza."

Alipoguswa mkono ukaongozwa hadi kwenye keria, Eustaki alielewa, akajivuta nyuma. "Nibebwe na mke wangu mbele ya watu? Hapana."

"Watu huwaoni."

Lilikuwa neno kali, na lilimtoka Silvana kabla hajalipima. Mabega ya Eustaki yakaanza kutikisika, na Silvana akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kweli," alisema. "Siwaoni."

Waliwapitia watu waliokuwa wakitoka kanisani. Watoto waliwakimbilia nyuma wakipiga kelele. Mzee mmoja alitema mate kando. Silvana alikanyaga, jasho likimtoka, mikono ya mumewe imemshika kiunoni, na hawakusimama mpaka kwenye kijito. Walivuka kwa miguu juu ya mawe. Upande wa pili Eustaki aliinua uso, pua juu, akavuta hewa ndefu.

"Mvua ilinyesha huku jana," alisema.

"Ndiyo."

"Na mbega wako pale kulia. Wawili. Hapana, wana mtoto."

Silvana alitazama. Walikuwa watatu.

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Kila Jumapili mke mbele, mume kwenye keria. Kijiji kilicheka kikachoka kucheka. Kupanda kulikuwa kugumu, walisukuma wote wawili, Silvana kwenye usukani na Eustaki nyuma kwenye keria, akitumia nguvu zake zote kwa kuwa hapo alikuwa bado na faida. Kushuka alikuwa akimwongoza Silvana zaidi kuliko Silvana alivyomwongoza yeye. "Shika breki, kuna shimo la maji hapa mbele. Sasa achia. Kaa kushoto, mizizi." Alikuwa na njia nzima kichwani. Kileleni walikaa kwenye nyasi, Silvana akamsimulia bonde: moshi unatoka wapi, ng'ombe wa Wasukuma wanatimua vumbi upande gani, ziwa linaonekana au limefichwa. Eustaki alianza kula vizuri. Alianza kuimba akioga.

Siku moja, kwenye kile kipande kilichonyooka, alimwomba amwachie baiskeli.

"Nipande mwenyewe. Wewe tangulia mbele uniite."

Silvana alikataa. Jumapili iliyofuata alikataa tena. Ya tatu alisimama mbele, hatua chache tu, akaita, na mumewe akaja kwake akiyumba, ulimi nje, magurudumu yakiparuza changarawe. Kadiri wiki zilivyopita Silvana alisogea mbali zaidi. Eustaki aligundua kwamba haihitaji hata sauti yake sana: tairi likiwa kwenye changarawe lilitoa mlio mmoja, likigusa majani ya katikati au ya pembeni lilitoa mwingine, naye alijirekebisha. Alikwenda wima kabisa, kidevu juu, kama mtu anayeona. Silvana alimtazama akija chini ya miti ile na moyo wake ukajaa hadi ukauma.

Kisha wapasuaji wakafika pale.

Silvana aliwakuta siku ya kazi, alipokwenda kuokota kuni. Podo la kwenye kona lilikuwa limelala. Waliokuwa wakilikata walikuwa wanne, na mmoja alikuwa Theodory, kijana wa kijiji hichohicho, aliyebatizwa siku ileile aliyobatizwa Jenifer. Walikuwa wamechimba shimo la kupasulia mbao, refu kumzidi mtu, na kwa kuwa mahali pengine palikuwa mteremko na mawe, walikuwa wamelichimba palepale njia inapokata kona, nusu likiwa njiani. Gogo lililazwa juu yake, mtu mmoja akasimama juu ya gogo, mwingine shimoni, na msumeno ukapanda na kushuka kati yao. Pale palipokuwa na kivuli sasa jua liliwaka hadi ardhini.

"Shikamoo mama," Theodory alisema, akitazama pembeni.

"Theodory. Hamkuona pengine pa kuchimba? Hii ni njia."

"Tunamaliza upesi, mama. Tukihama tutalifukia."

"Unajua Baba Jeni hupita hapa."

"Tutalifukia, mama. Kabla ya kiangazi kukaza tutakuwa tumehama."

Alitaka kusema mengi. Aliwatazama vijana wale, vumbi la mbao limewaganda kwenye nyusi, akajua hata akisema, nani atamsikia mke wa mlinzi aliyepunguzwa. Alipogeuka, Theodory alimfuata mbio na mzigo wa mabanzi ya lile podo, akamtwisha kichwani. Silvana aliupokea. Kuni zilikuwa zinahitajika.

Jioni hiyo Eustaki alinusa moshi. "Kuni gani hizi, Mama Jeni?"

"Mabanzi ya paini. Yanauzwa mjini."

"Harufu yake nzuri," Eustaki alisema, na Silvana akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka wenyewe.

Hakumwambia. Alikumbuka zile siku za kulala akiuelekea ukuta, na akajiuliza ataanzaje kumtoa mtu huyu ukutani mara ya pili. Kumwambia kwamba podo limekwenda ilikuwa ni kumwambia kwamba yote yamekwenda, maana likifa lile, mengine yangesalimika kwa lipi? Jumapili wapasuaji hawakufanya kazi, kwa hiyo msumeno haukusikika. Ilibaki kona tu. Walipofika mwisho wa kipande kilichonyooka, Silvana aligeuza baiskeli.

"Mbona tunarudi?"

"Maji yamekula njia pale mbele. Hakupitiki."

"Kwenye podo?"

"Mbele yake kidogo. Mpaka kiangazi."

"Basi tutasubiri kikauke," Eustaki alisema. "Nina hamu ya kileleni."

Wakasubiri. Mvua za masika ziliisha, upepo wa baridi wa mwezi wa sita ukaanza kuvuma, na kila Jumapili Eustaki aliuliza kama njia imekauka, na kila Jumapili Silvana alisema bado. Alikuwa akingoja wapasuaji wafukie. Walikuwa wamehama kweli, wiki nyingi zilizopita, na shimo walikuwa wameliacha wazi kama lilivyo. Alijisemea atakwenda na jembe alifukie mwenyewe. Lilikuwa ni jambo la kufanya wiki ijayo, baada ya kuvuna maharage, baada ya kupura ulezi.

Siku jambo lenyewe lilipotukia, Silvana alikuwa Milanzi, kwenye msiba wa binamu yake. Aliondoka asubuhi, akamwachia mumewe uji kwenye chupa ya chai na viazi kwenye sufuria. Alimwacha kwenye kigoda, uso kwenye jua.

"Usichelewe," Eustaki alimwambia. "Leo jua zuri. Ingekuwa Jumapili tungekwenda."

Jirani aliyemwona baadaye alisimulia kwamba alitoka na baiskeli akiisukuma, fimbo ameifunga kwenye usukani, amevaa zile buti kuukuu. Alimuuliza anakwenda wapi, naye akajibu kwa furaha kwamba anakwenda kuona kama njia imekauka. Jirani alicheka, akafikiri ni utani wa kipofu.

Alivuka kijito. Alipanda baiskeli kwenye kipande kilichonyooka, na ni wazi aliendesha vizuri, kwa kuwa alama ya tairi ilionekana baadaye kwenye vumbi la changarawe, mstari mmoja ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho. Haikuyumba popote. Ilikwenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa shimo.

Wanawake waliokwenda kukata nyasi za kuezekea walimsikia akiita. Hakuwa akilia, walisema, alikuwa akiita kwa utaratibu, akipumzika katikati, kama mtu anayeita mashua. Wanaume wa kijiji walimtoa kwa kamba, wakambeba kwa machela hadi barabarani, wakapata lori la mahindi. Silvana alirudi kutoka Milanzi jioni akakuta nyumba tupu, na watu wamesimama uani bila kukaa.

Hospitali alimkuta amelazwa karibu na dirisha. Nyonga ilikuwa imevunjika na mbavu zimeingia ndani, na kila pumzi aliikata vipande viwili. Alimtambua mkewe kwa hatua zake.

"Mama Jeni. Kuna shimo kule."

"Tulia, usiseme."

"Ni lazima niseme. Watu wengine wataingia. Nani kachimba shimo njiani? Ni hapohapo kwenye kona. Mimi nilikuwa nasubiri baridi, nikate kona. Nikasubiri, nikasubiri. Haikuja."

Silvana alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Wodi ilikuwa imejaa, mama mmoja alikuwa akimlisha mwanawe mgonjwa kwa kijiko, muuguzi alikuwa akipita na trei. Angeweza kunyamaza. Baadaye aliwaza sana kwamba angeweza kabisa kunyamaza, na mumewe angekufa akiamini aliingia kwenye shimo ambalo hakuna aliyelijua. Lakini mdomo wake ulikataa uongo mwingine.

"Nilikuwa nalijua, Baba Jeni."

Eustaki aligeuza uso kuelekea sauti yake.

"La wapasuaji. Walilichimba tangu masika. Njia haikuliwa na maji. Mimi ndiye niliyekugeuza, ili usijue."

"Nisijue nini?"

"Podo. Waliliangusha."

Eustaki akaanza kumuuliza. Aliuliza juu ya miti ile mmojammoja, kwa mahali ilipokuwa: ule wa kwenye kijito, ile mitatu iliyoota pamoja, ule wenye mzinga wa nyuki, na kila alipouliza Silvana alijibu, upo, au hapana, haupo. Ilikuwa mingi zaidi isiyokuwapo. Aliuliza kwa sauti ya kazini, ya mtu anayetoa taarifa ya doria. Mwisho akauliza:

"Na zile kuni za harufu nzuri?"

"Zilikuwa zake."

Hapo uso wake ulijikunja, na machozi yakatoka kwenye macho yale yasiyoona na kushuka masikioni. Silvana alichukua ncha ya khanga kumfuta. Eustaki aligeuza kichwa.

"Ungeniambia," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyechoka sana.

Haikuisha wiki, akafariki.

Jenifer alifika kutoka Kirando siku ya mazishi, amepanda lori la dagaa usiku kucha, nguo zikinuka ziwa. Alimlilia baba yake hadi sauti ikakauka. Matanga yalipoanuliwa na ndugu kuondoka, Silvana alimkalisha jikoni akamweleza yote, bila kuacha kitu, hata mabanzi. Alifikiri ni haki yake kujua. Labda pia alitaka mtu mmoja duniani amwambie kwamba si kosa lake.

"Mama, ulilijua shimo?" Jenifer aliuliza.

"Nililijua."

"Na ulimfundisha kuendesha bila macho?"

"Aliniomba."

"Na ukamwacha peke yake, na baiskeli ndani, na shimo kule?"

Asubuhi Jenifer alifunga mzigo wake, akamwamkia mama yake kwa heshima zote, akaondoka. Hakuandika wala hakutuma salamu.

Silvana alipanda msituni na jembe na chepe. Shimo lilikuwa lilelile, na chini palikuwa bado na pedali moja iliyovunjika. Alianza kufukia. Udongo uliotolewa ulikuwa umesambazwa na mvua, haukutosha, ikabidi achimbe kwingine alete kwa karai. Siku ya pili alisikia hatua, akamwona Theodory amesimama na sururu begani, na mwenzake nyuma yake.

"Shikamoo mama. Tumekuja kusaidia."

"Rudini nyumbani."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema rudini, Theodory. Hili ni langu."

Kijana alibaki amesimama. Mwishowe aliweka sururu chini kwa upole, kana kwamba ni kitu cha kuvunjika, akaondoka. Silvana hakuigusa. Alifukia mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka njia ikawa sawa na ukitazama usingejua, isipokuwa kwa rangi ya udongo. Hakurudi tena msituni.

Baiskeli fundi aliinyoosha gurudumu na kuitia pedali mpya. Silvana aliipanda kwenda Milanzi kuuza maharage, hadharani, katikati ya barabara. Hakuna aliyecheka. Wasichana wa mjini nao walikuwa wameanza kupanda, na kwao alikuwa mama mmoja tu mwenye mzigo nyuma.

Jenifer alirudi mwaka uliofuata, mwezi wa nane, akiwa na mimba kubwa na furushi la dagaa. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni mpaka mama yake akainua macho kutoka kwenye ungo. Silvana alinyanyuka, akampokea mzigo, akampa kigoda, akaweka maji ya ugali motoni. Walikula bila maneno mengi. Walizungumza juu ya bei ya dagaa, juu ya miguu ya Jenifer iliyovimba, juu ya nani amekufa Kirando na nani ameoa. Walipokwisha kunawa, Jenifer alibaki ameshika bakuli la maji.

"Mama. Alisema nini mwishoni?"

Silvana alifikiri kidogo. Alijua binti yake anataka kusikia nini, na alijua ni rahisi namna gani kumtungia neno la msamaha.

"Nilikuwa nimempelekea uji," alisema. "Alionja kijiko kimoja. Akasema, 'Umepoa.' Nikatoka kwenda kuupasha kwa wale mama wanaopika nje. Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

"Basi? Hakusema neno jingine? Juu yako?"

"Hakusema."

Jenifer aliweka bakuli chini, akaegemea ukuta akalia polepole, mkono juu ya tumbo. Silvana alisogeza kigoda chake karibu, wakakaa bega kwa bega, na nje upepo wa kiangazi ukaendelea kupeperusha makapi ya ulezi uani.